Nyenje wa Kupimia Hewa

Uongo ule aliuandika asubuhi, siku ya kazi, akili yake ikiwa timamu na kikombe cha chai kikiwa pembeni, na aliuandika kwa nia njema. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kumweleza mtu yeyote akaeleweka.

Wenzake kiwandani walimwita Kamusi. Kiwanda chao kilipiga chapa kalenda za kuchana, zile nene zenye karatasi mia tatu sitini na tano, kila siku na karatasi yake. Mbele ilikuwa tarehe, kwa wino mwekundu kama ni Jumapili. Nyuma lilikuwa ajabu moja la dunia. Kwa miaka thelathini na miwili kazi ya Kamusi ilikuwa hiyo ya nyuma. Yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake, kwamba iliwahi kupiganwa vita ikaanza na kwisha kabla ya saa moja kutimia. Watu walichana karatasi ya jana, wakasoma mgongo wake kabla ya kuitupa, na wengi hawakuitupa.

Elimu yake aliipata shule ya jioni, mchana akipanga herufi za risasi, na kwa sababu aliipata kwa jasho hakuichezea. Kila ajabu alilitafuta katika vitabu viwili kabla ya kulipeleka mtamboni. "Kitabu kimoja ni shahidi mmoja," alikuwa akisema, "na shahidi mmoja hamfungi mwizi."

Na mwizi alikuwapo. Upande wa pili wa barabara palikuwa na kiwanda kingine, na kila mwaka kalenda yao ilitoka mwezi mmoja baada ya ile ya akina Kamusi, na maajabu yale yale, neno kwa neno, mpaka koma. Walipoulizwa walicheka. "Ukweli hauna mwenyewe," walijibu. "Pweza ana mioyo mitatu kwenu, na kwetu anayo hiyo hiyo mitatu. Mlitaka tumpunguzie mmoja?"

Kamusi alikwenda nayo nyumbani, maneno hayo, akalala nayo, akaamka nayo. Ikiwa ukweli hauna mwenyewe, alijiambia, basi uongo unaye. Kesho yake akatega mtego. Katika karatasi mojawapo ya mwezi wa saba aliandika hivi: *Nyenje hawezi kulia penye hewa mbaya. Wachimba visima wa kale waliteremsha nyenje kisimani ndani ya kikopo. Maadamu analia, mtu hushuka bila hofu.*

Hapakuwa na kitabu chochote duniani chenye maneno hayo. Aliyachagua kwa sababu yalikuwa na sura ya ukweli, na kwa sababu usiku uliopita nyenje mmoja alikuwa amemkera chini ya kabati.

Majirani wakaumeza mtego mzima mzima, wakauchapa kwao, na kesi ikafunguliwa. Mbele ya hakimu, Kamusi alisimama na suti yake ya pekee.

"Una hakika maneno haya hayamo katika kitabu chochote?" hakimu aliuliza.

"Nina hakika, mheshimiwa. Nimeyatunga mwenyewe, nikiwa nimekaa."

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Wezi wakashindwa kesi. Mwenye kiwanda alimpigia Kamusi makofi mbele ya wafanyakazi wote, na tangu mwaka ule ikawa desturi ya mtambo: kila kalenda na mtego wake, na mara nyingine mitego miwili. Orodha hakuweka. Mtego hauandikwi ukutani, alisema. Yote alikuwa nayo kichwani, na kichwa chake kila mtu alikijua.

Miaka ikaenda. Simu zikaanza kuwaambia watu tarehe, kalenda zikakosa kuta, kiwanda kikafungwa. Kamusi akastaafu na magoti mabovu na heshima nzima.

*

Uongo wa kwanza alikutana nao kwa kinyozi. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu alisoma kwenye simu, kwa sauti, kisa cha mji fulani wa kale ambao uliweka sheria ya kuwatoza faini wanaopiga miayo barazani. Kamusi, shingo imefungwa shuka, alitabasamu ndani ya povu. Kisa kile kilikuwa chake. Alikitega mwaka ule paa la kiwanda lilipoezuliwa. Alijisikia kama mtu aliyepoteza kuku akamwona miaka mingi baadaye akipita na vifaranga nyuma. Kumfukuza kuku ya nini?

Baada ya hapo alianza kuwatafuta kuku wake wengine, yaani mitego yake ya zamani. Binti yake alikuwa amempa simu ya kioo, na Kamusi aliyeweza kusoma herufi za risasi kinyumenyume hakushindwa na simu. Aliwakuta wengine wawili, watatu, kwenye kurasa za maajabu, kati ya picha za samaki wa kilindini na majumba yaliyozama. Walikuwa wamenenepa. Mmoja alikuwa ameongezewa jina la mfalme. Mwingine alikuwa na mwaka. Kamusi hakuwahi kuwapa majina wala miaka.

Kisha akamkuta nyenje.

Ilikuwa video fupi. Picha ya kisima, maji meusi, na sauti ya mashine isiyopumua ikisema: *Wataalamu wanathibitisha kwamba nyenje hawezi kulia penye hewa mbaya.* Walioitazama walikaribia milioni moja. Chini yake watu walikuwa wameandika, na Kamusi alishuka nao taratibu, kwa majivuno, mpaka alipofika kwa mtu mmoja aliyeandika: *Hii ni kweli kabisa. Babu yangu alikuwa mchimba visima, alikuwa na kikopo cha nyenje, nilikishika kwa mikono yangu.*

Aliyasoma mara tatu. Hapakuwa na babu. Hapakuwa na kikopo. Kilikuwapo kiti, na chai, na yeye. Lakini mtu yule hakuwa na sauti ya mwongo. Alikuwa na sauti ya mtu anayekumbuka. Kamusi aliifunika simu mezani kifudifudi, kama mtu anayefunika chungu ambacho ameona kitu kikitembea ndani yake.

*

Jumapili binti yake na mumewe walikuja kula. Mkwe huyu alikuwa mtu wa kimya, mabega mapana, na kazi yake ilikuwa kukwangua na kupaka rangi matangi ya viwandani kwa ndani. Watu walimwita Fundi Tangi. Alikuja na msaidizi wake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Msasa, mwenye mdomo usiolala, ambaye mkewe alikuwa amesafiri akamwacha na sufuria asizojua zinawashwaje.

Walipomaliza kula, Fundi Tangi alifuta mikono vizuri, akatoa kwenye mfuko wa shati kikopo cha bati kilichozibwa kwa wavu. Akakiweka mbele ya baba mkwe wake kwa mikono miwili.

"Baba, sikutaka kusema mpaka nikione kinafanya kazi. Matangi kumi na moja sasa."

Ndani ya kikopo kulikuwa na jani la kabichi na nyenje mmoja mweusi.

"Kile kipimo chetu cha hewa kiliharibika toka mwaka jana," Msasa alieleza, kinywa bado kimejaa. "Mkuu kapeleka barua, barua imejibiwa na barua. Sasa tunaye huyu. Haombi betri, haombi likizo. Ni mfanyakazi bora kuliko mimi!"

"Kuliko wewe hata kikopo chenyewe ni bora," alisema binti, akiondoa sahani. Wakacheka.

Fundi Tangi hakucheka. Alifungua pochi yake na kutoa karatasi ndogo, ya manjano, iliyokunjika mara nne. Kamusi aliijua kabla haijafunguliwa. Karatasi ya mwezi wa saba.

"Niliona ile video nikasema, haya maneno nayajua. Nikatafuta kwenye karatasi zako, Baba, nikaikuta. Video zinadanganya kila siku. Lakini nikajua hii ni ya Kamusi, na Kamusi hutafuta katika vitabu viwili."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kamusi alipaona wazi, kama mtu anavyouona mlango. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini mkwe alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, binti alikuwa amesimama na sahani akimtazama baba yake kwa macho ya utotoni, na yule mgeni Msasa alikuwa amesema, "Kumbe mzee ndiye mwenyewe! Nipe mkono, mzee, nikawaringie wenzangu." Mkono ukawa umeshatolewa na kushikwa.

"Mdudu peke yake hatoshi," alisema Kamusi hatimaye. "Shahidi mmoja, mwanangu. Tafuta na kipimo."

"Tunatafuta, Baba."

"Msimtegemee sana."

"Hatumtegemei sana," alisema Fundi Tangi, akarudisha kikopo mfukoni taratibu, upande wa moyo.

Walipoondoka, Kamusi alijiambia kwamba amesema. Alijiambia hivyo Jumapili jioni na Jumatatu kutwa, na kila alipojiambia maneno yalipungua uzito. Matangi kumi na moja. Wameingia mara kumi na moja wakatoka. Labda hewa ilikuwa nzuri mara zote. Labda, nani ajuaye, alikuwa amebahatisha akasema kweli bila kujua.

Jumanne saa nne asubuhi binti alipiga simu kuulizia dawa ya magoti. Kabla ya kukata akasema, "Mwenzangu leo yuko kwenye kile kiwanda cha sabuni. Wamepewa lile tangi kubwa la chuma, lililofungwa miaka sita. Anasema kutu iliyomo humo unaweza kuichota kwa koleo."

"Baba, upo?" binti akauliza.

Kamusi alikuwa amekumbuka mgongo mwingine wa kalenda, wa kweli huu, wenye vitabu viwili na hata cha tatu: kwamba chuma kikishika kutu kinakula hewa. Kutu si uchafu tu; kutu ni hewa ile ile tunayoivuta, imeshikwa na chuma ikawa unga mwekundu. Tangi la chuma likifungwa miaka mingi, kutu hula ile hewa yenye uhai na kuacha mabaki yasiyo na harufu wala rangi. Mtu akiingia hakohoi, wala halii. Hujisikia mwepesi, kisha hajisikii kabisa. Na mdudu, ambaye hana mapafu na hewa anayohitaji ni punje tu, anaweza kukaa humo muda mrefu baada ya mtu kuanguka.

"Mpigie mumeo," alisema. "Mwambie asiingie."

"Simu anaiacha kwenye mfuko wa chakula, Baba, unajua. Kuna nini?"

"Piga tu. Usiache kupiga."

*

Dereva wa pikipiki alidhani mzee anakimbilia mazishi, akaendesha ipasavyo. Langoni mlinzi alitaka kitambulisho, kisha akataka kujua kitambulisho ni cha nini, kisha akataka kuandika. Kamusi alimwachia kitambulisho pamoja na kofia akapita.

Tangi lilisimama nyuma ya ghala, refu kama nyumba ya ghorofa, kahawia tupu, na ngazi ya chuma ubavuni. Juu kabisa, kando ya tundu la kuingilia, walikuwa watu wawili. Chini walikuwa vibarua watatu na msimamizi wa kiwanda, bwana mwenye saa kubwa ambaye alikuwa akiitazama.

Na alimsikia. Kriii, kriii, kriii. Sauti ilitoka ndani ya tangi, imekuzwa na chuma, kubwa kuliko inavyostahili mdudu. Kikopo kilikuwa kimeteremshwa tayari.

"Mwanangu!" Kamusi aliita. "Shuka!"

Fundi Tangi alichungulia, akamwona, akashtuka. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaingia tunduni. Lakini hakuna mkwe aliyelelewa vizuri anayeongea na baba mkwe akiwa juu ya kichwa chake. Akautoa mguu, akamwambia Msasa kitu, akashuka ngazi yote mpaka chini, akavua glovu kwanza ndipo akasalimia.

"Shikamoo, Baba. Nyumbani kwema?"

"Kwema. Mwanangu, nisikilize. Yule nyenje ni uongo."

"Baba?"

"Niliutunga. Wale majirani walikuwa wanatuibia, nikatega. Hakuna wachimba visima wa kale. Hakuna kitabu. Niliutunga nikiwa nimekaa."

Hakuwahi kufikiri kwamba maneno yale yale yaliyomletea ushindi mahakamani siku moja yangemtoka na ladha ya shaba. Fundi Tangi alimtazama usoni, taratibu, kisha akatabasamu tabasamu la huruma.

"Baba, umekuwa na wasiwasi tangu Jumapili. Usijali. Kamba nimefunga."

"Sikuambii kwa wasiwasi. Nakwambia ni uongo!"

Msimamizi akasogea. "Mzee, kuna tatizo gani? Hawa walitakiwa kuanza saa tatu." Alipoelezwa, alitoa simu, akaandika, akaigeuza waione. "Huyu hapa nyenje. Na hapa. Na hapa. Huyu ni daktari, tazama koti lake. Huku wamemwekea na mchoro. Wote hawa waongo, ila wewe peke yako?"

"Wote hao ni mimi," alisema Kamusi.

Vibarua wakatazamana. Mmoja akageuka upande ili asionekane akicheka.

"Mzee wetu," msimamizi alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi, "umri ukienda, mambo huchanganyika. Baba yangu mwenyewe alikuwa akikana kwamba amekula. Mtu anaweza kuandika jambo la kweli akalisahau."

Kamusi alihisi ardhi ikiteleza. Alikuwa amejiandaa kudharauliwa. Hakuwa amejiandaa kutoaminiwa. Alikuwa amekuja kuivunja heshima yake kwa mikono yake mwenyewe na heshima ilikataa kuvunjika. Uongo wake ulikuwa na daktari na mchoro na watu milioni moja. Yeye alikuwa na magoti mabovu.

"Mwanangu," alimgeukia mkwe. "Mimi nimewahi kukwambia uongo?"

"Hapana, Baba."

"Basi leo amini. Nimekwambia uongo."

Fundi Tangi alifumba macho kidogo, kama mtu anayejaribu kubeba gunia lisilo na mahali pa kushika. Na kutoka juu, Msasa, ambaye alikuwa amechoka kuwatazama vichwa, akapaza sauti: "Jamani, huku bendi inapiga, nyinyi huko mnahubiri! Nashuka nikaanze. Kamba ninayo."

"Ngoja!" alisema Fundi Tangi.

"Shuka, shuka," alisema msimamizi, akiitazama saa.

Msasa alishasikia aliyetaka kumsikia. Waliona kofia yake ikizama tunduni. Sauti yake ilikuja sasa kutoka ndani ya chuma, pana, kama ya mtu mkubwa zaidi. "Eeeh, humu ni ukumbi, mnaweza kufanyia harusi! Mkuu, nikwambie kitu, yule mke wangu akirudi nitamwambia nimepata nyumba ya—"

Wakangoja neno linalofuata. Halikuja. Ilisikika kitu kizito kikigusa bati, mara moja, bila haraka. Kamba iliyofungwa kwenye chuma juu ikakazika.

Kriii, kriii, kriii.

Nyenje hakupumzika hata kidogo.

Fundi Tangi alikuwa ameshafika katikati ya ngazi kabla mtu yeyote hajapiga kelele. Alipanda kama hakuna uzito duniani, na Kamusi akaona anakwenda kufanya nini, kwa sababu ndivyo wanavyofanya watu wema wote. Tangi kama lile huua mmoja, kisha humuua anayemfuata, kisha anayemfuata huyo.

"Usiingie! Vuta! Vuta kamba!" alipiga kelele mpaka koo likachanika. "Ukiingia umemfanya binti yangu mjane, na mimi ndiye niliyekuua! Vuta!"

Mkwe alikuwa na miguu yote miwili tunduni. Alisita hapo, nusu mtu, kiuno kimemezwa na chuma, akitazama chini mahali asipopaona Kamusi. Muda ule Kamusi hakuwahi kuusahau wala kuupima. Kisha miguu ikatoka. Akashika kamba. Vibarua wawili wakapanda, na wote watatu wakavuta, na msimamizi akasimama chini na simu mkononi, daktari mwenye koti bado anang'aa kwenye kioo.

Msasa alitoka na rangi ya majivu, midomo ya zambarau. Walimlaza juu ya paa la tangi, na Fundi Tangi akampulizia pumzi, akapuliza, akapuliza. Kikohozi kilipokuja kilikuwa kidogo kama cha mtoto.

Hakuna aliyekumbuka kukitoa kikopo. Gari la wagonjwa lilipoondoka, tangi lilikuwa bado linaimba.

*

Msasa hakufa. Siku ya tatu alifungua macho, siku ya tano alimtambua mkewe. Ule mdomo usiolala ulirudi, lakini ulirudi na maneno machache, na kila baada ya muda aliuliza, "Tulishamaliza lile tangi?" Wakimjibu alishukuru, kisha akauliza tena.

Kamusi aliandika. Alikwenda kwenye kila ukurasa aliokuta nyenje, akaeleza kwa Kiswahili safi, nukta na koma mahali pake: yeye ni nani, alitunga lini, kwa nini, na nini kilitokea. Wengine walimwekea vikatuni vya kucheka. Mmoja aliuliza, "Chanzo chako ni kipi, mzee?" Aliandika, "Chanzo ni mimi." Vikatuni vikaongezeka. Alikwenda mahakamani kutafuta jalada la kesi. Karani mpya alimwambia majalada ya miaka ile yaliliwa na mchwa, akamwonyesha chumba. Juma lililofuata ilitoka video nyingine, sauti ile ile isiyopumua, na picha ya tangi: *Nyenje aokoa wafanyakazi watano kiwandani.* Iliipita ile ya kwanza ndani ya siku mbili.

Fundi Tangi hakuja kwa wiki tatu. Alipokuja, alikuja peke yake, na boksi la viatu kwapani. Alisalimia kama kawaida. Hakukaa mpaka alipoambiwa kaa. Akafungua boksi mezani.

Zilikuwa karatasi za kalenda, mamia, zimepangwa kwa miaka na kufungwa kwa mipira. Alizikusanya tangu alipokuwa mchumba, kabla hata hajathubutu kumwomba binti.

"Watoto wangu nimewafundisha humu, Baba," alisema. "Sikuja kulaumu. Nataka tu unitengee. Za kweli huku, za uongo huku."

Wakaanza. Pweza akaenda upande wa kweli, na Zuhura, na ile vita fupi. Kutu ikaenda upande wa kweli. Nyenje akaenda upande wa pili, na sheria ya miayo. Kamusi alifanya kazi haraka, kwa sauti ya ofisini, na kwa saa nzima ilikuwa karibu kama zamani. Kisha mkono wake ukapungua mwendo. Mfalme aliyewatoza kodi wenye ndevu. Alijua hili. Alilisoma mahali. Au alikuwa na mpiga chapa mwenye ndevu mwaka ule, wakamtania? Akaiweka katikati. Akachukua nyingine, akaiweka katikati. Nyuki, katikati. Mji uliocheza ngoma mpaka watu wakaanguka, katikati.

Fundi Tangi alikuwa anatazama rundo la katikati likikua. Aliingiza vidole ndani ya boksi, akatoa karatasi moja aliyokuwa ameiweka peke yake, akaisoma kwa sauti ya chini: "*Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa na kusaidiwa mara moja.*"

Akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Hii niliitumia, Baba. Mwaka ule radi ilipompiga jirani yangu, watu wote walirudi nyuma, wakasema ukimgusa unakufa naye. Mimi nilimshika. Nilimpulizia kama nilivyompulizia Msasa. Alipona. Yuko hai mpaka leo, ana wajukuu." Akainua macho. "Mvua zinakuja. Mwanangu mkubwa ananiuliza kama ni kweli. Nimwambie nini?"

Kamusi aliishika karatasi. Wino ulikuwa wake, maneno yalikuwa yake, mpangilio wa herufi ulikuwa mkono wake. Alitafuta kichwani vile vitabu viwili. Alitafuta rafu, jalada, ukurasa, kona iliyokunjwa. Aliona kiti. Aliona kikombe cha chai.

"Baba?" alisema mkwe.

Nje palikuwa peupe, bila wingu hata moja. Kamusi aliigeuza karatasi akatazama tarehe, kama mtu anayetumaini kwamba tarehe ingesema neno, kisha akaigeuza tena, akaanza kuisoma upya kuanzia neno la kwanza.